Nyimbo wakati wa vita: mashariki mwa Kongo wanaimba nini, na nani anawasikiliza?

Mtu mwenye kutaka kujua vile raia wa mashariki mwa Kongo wanawaza juu ya vita, asisikilize hotuba za wakubwa peke yake. Asikilize pia simu ya motari, redio ya taksi na muziki wa ndoa. Wimbo unasemaka maneno ambayo wengi wanaogopa kusema mbele ya mikro. Na mara nyingi wimbo ule ule unafurahisha mmoja na kukasirisha jirani yake.

Nani ameangusha raia?

Tarehe 6 Mei 2021, état de siège ilianza Nord-Kivu na Ituri. Magavana raia waliacha nafasi kwa wanajeshi, na mahakama za kijeshi zikaanza kuhukumu hata raia. Ahadi ilikuwa kumaliza mauaji. Lakini watu waliendelea kuchinjwa, zaidi upande wa Beni na Ituri.

Hapo mawazo yakagawanyika. Wamoja walisema: jeshi lipewe wakati, kulisema vibaya ni kusaidia adui. Wengine wakauliza: raia wanyamaze mpaka lini, na huku wanazika kila siku?

Delcat Idengo, mwimbaji aliyejulikana sana Beni na Butembo, alisimama upande wa pili. Aliimba juu ya état de siège, juu ya wakubwa wa inchi, na juu ya MONUSCO, wakati vijana wengi walikuwa wanaomba iondoke. Mwezi wa Julai 2022, maandamano juu ya MONUSCO yaliua watu Goma na Butembo. Kwa vijana, Idengo alikuwa sauti yao. Kwa wenye mamlaka, alikuwa mchochezi, na alifungwa zaidi ya mara moja.

Mwanamuziki mmoja, mamlaka mbili

Mwisho wa Januari 2025 alikuwa ndani ya gereza la Munzenze, Goma. M23 ilipoingia mjini, wafungwa walitoroka, naye akatoka. Tarehe 13 Februari alipigwa risasi mjini Goma, wakati alikuwa anapiga picha za klipu. Serikali ya Kinshasa, ambayo gereza lake njo lilikuwa limemshika, ilishitaki M23 kwamba imemuua.

Historia hii inaonyesha hatari ya msanii katika vita ambamo mji unabadilisha wakubwa. Maneno yenye kumfunga asubuhi kwa hawa, jioni yanaweza kumletea kifo kwa wale.

Njo sababu wengine wanachagua kuimba amani bila kutaja mtu. Festival Amani, yenye ilianza Goma mwezi wa Februari 2014, miezi michache kisha M23 kushindwa mara ya kwanza, ilikusanya vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi kwenye jukwaa moja. Wimbo wa amani kila mtu anaweza kuucheza. Lakini mwenye kupoteza watu wake anaweza kuuliza: amani na nani, na haki iko wapi?

Hata jukwaa za mbali

Ugomvi huu ulivuka mipaka. Mwisho wa Januari 2025, siku chache kisha Goma kuanguka, Tems wa Nigeria alifuta konseri yake ya Kigali kwa sababu ya vita. John Legend wa Marekani yeye aliimba Kigali tarehe 21 Februari, na watu wengi wakamlaumu.

Huko Paris, wasanii wenye asili ya Kongo, kati yao Gims, Dadju na Youssoupha, walitayarisha konseri ya kusaidia watoto wa mashariki. Tarehe ya kwanza ilikuwa 7 Aprili, siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda. Malalamiko yalikuwa makubwa, na konseri ikasogezwa mpaka 22 Aprili. Uchungu wa hawa na kumbukumbu ya wale vilikutana ndani ya siku moja.

Mpaka uko wapi?

Eneo la Maziwa Makuu linajua vizuri nguvu mbaya ya muziki. Mwaka 2008, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwimbaji wa Rwanda Simon Bikindi miaka 15 ya kifungo. Nyimbo zake zilichunguzwa sana mbele ya majaji, lakini kilichomfunga ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994, akiita watu waue Watutsi.

Kwa hiyo kabla ya kupartaja wimbo ndani ya WhatsApp, msikilizaji anaweza kujiuliza jambo moja: wimbo huu unashitaki nani? Kama unashitaki mkubwa, jeshi ao kundi kwa yale waliyoyafanya, huo ni ukosoaji, hata ukiwa mkali. Kama unashitaki jirani kwa sababu ya kabila ao luga anayozungumza, huo unatayarisha maziko mengine.