Hodi Ngapi Mlangoni? Historia Fupi ya Namna Kompyuta Inavyosubiri

Simu ya Android iliyolazwa juu ya kaunta ya duka pale Chake Chake, kioo kimezima, tunasema imelala. Si vibaya kusema hivyo. Lakini ukizichungulia programu zilizo wazi ndani yake, utakuta nyingi zimeita mwito mmoja, epoll_wait, na kiini cha mfumo endeshi kimeziweka pembeni mpaka kitu kitokee: kidole kiguse kioo, ujumbe uingie, kengele ifike wakati wake. Kwa Pemba, ambako hadi waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010 umeme ulitegemea jenereta za dizeli, hakuna wa kuelezwa thamani ya chaji. Kusubiri bila kula chaji ni ufundi, na ufundi huo una historia yake.

Unix ilipozaliwa Bell Labs mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, suala lilikuwa jepesi. Programu inaomba kusoma, kama hakuna cha kusoma, kiini kinailaza, kikija, kinaiamsha. Safi kabisa, maadamu mlango ni mmoja. Milango ikiwa miwili? Umelala kwenye huu, mgeni anabisha kule. Unaweza kukimbia huku na huku ukiuliza “yupo mtu? yupo mtu?” mpaka kichakataji kichemke. Au uweke mlinzi kila mlango, na walinzi nao wanakula kumbukumbu.

Mwaka 1983 ikatoka 4.2BSD kutoka Berkeley, toleo lililoleta soketi, ambazo ndizo zilizofungua milango mingi ya mtandao, na mwito wa select ulikuwemo. Hebu mfikirie sheha na tarishi wake. Sheha anaandika orodha ya kaya zote anazotaka habari zake. Tarishi anapita kila mlango, anabisha, anarudi na karatasi ile ile, ila majina ya wasio na jambo kayafuta. Sheha naye lazima aipitie yote kuona nani kabaki. Kesho yake aiandike upya, kwa sababu tarishi hakumbuki kitu. Halafu karatasi yenyewe, kwenye Linux, ina nafasi 1024 kwa kawaida. Ukizidisha, pengine hupewi onyo lolote. Wino unamwagikia karatasi ya jirani, yaani kumbukumbu iliyokuwa na kazi nyingine. Kuna programu zimeanguka kwa kosa hilo tu.

AT&T ikaja na poll katika System V Release 3, mwaka 1986. Karatasi sasa ndefu utakavyo, na majibu yana safu yake, hivyo orodha haiharibiki. Afadhali. Lakini tarishi bado anabisha nyumba zote.

Aliyeuliza swali kwa sauti ni Dan Kegel, mwaka 1999: seva moja ihudumie vipi wateja 10,000 kwa pamoja? Piga hesabu mwenyewe. Ukiuliza mara 100 kwa sekunde, ni hodi 1,000,000 kila sekunde, hata kama wenye jambo ni watatu. Gharama ilipimwa kwa idadi ya walionyamaza.

Jonathan Lemon akajibu kwa kqueue ndani ya FreeBSD mwaka 2000. Kwa Linux, Davide Libenzi aliandika epoll, iliyoingia Oktoba 2002 na kuwafikia watu wengi kwa toleo 2.6, Desemba 2003. Mimi huisoma kama mageuzi ya sarufi. select ilikuwa sentensi moja ndefu inayorudiwa daima. Epoll ikaikata mbili. Ya kwanza, “nijulishe habari za huyu,” inasemwa mara moja na kuandikwa kwenye daftari linalokaa kwa kiini. Ya pili, “nani kafika?”, ndiyo inayorudiwa, nayo ni fupi. Tarishi hazunguki tena. Mwenye jambo anakuja mwenyewe, jina lake linaingia kwenye orodha fupi ya waliofika.

Ndani ya epoll kuna chaguo ambalo mtu wa pwani atalielewa haraka kuliko vitabu vinavyolieleza. Hodi ya aina ya kwanza hurudiwa kila ukiuliza, maadamu mgeni bado yuko nje. Ya pili hupigwa mara moja, pale anapowasili. Hii ya pili ina kazi ndogo zaidi, ila ina adabu zake: ukifungua, pokea kila alichobeba mpaka uambiwe hakuna kilichobaki. Ukipokea nusu ukarudi kulala, mzigo uliobaki unaweza kukaa kizingitini bila hodi nyingine, nanyi mkasubiriana milele. Ukisikia programu imeganda bila sababu, pengine ni hiyo.

Na daftari lina aibu yake. Ukifunga faili huku nakala yake iko wazi kwingine, jina halifutiki. Unaendelea kuletewa habari za mtu uliyedhani kahama. Faili za kawaida za diski nazo epoll huzikataa katakata.

Mwaka 2019, Linux 5.1, Jens Axboe akaleta io_uring, ambayo haiulizi nani yuko tayari: unaacha kazi, unarudi kuchukua matokeo. Ina kasi, ila ilileta mianya mingi ya usalama kiasi kwamba mwaka 2023 Google ilieleza kuwa imezizuia programu za Android kuitumia. Kwa hiyo simu za Chake, Wete na Mkoani bado zinasubiri kwa daftari la Libenzi.