Dawa ya ukoma ilitoka wapi?



Dominika moja tulifundisha katika kapela yetu habari ya wale wagonjwa kumi wa ukoma waliotakaswa na Bwana wetu. Tulisema kama tulivyofundishwa sisi wenyewe zamani: ukoma ni mfano wa dhambi, kwa sababu dhambi nayo huanza kama alama ndogo, kisha huharibu mtu mzima. Watu walisikiliza vizuri, nasi tukarudi nyumbani na furaha.

Jioni baba mmoja wa familia alibisha hodi. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akavua shati. Mgongoni alikuwa na baka lililofifia rangi, kubwa kama kiganja cha mkono. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, pamoja na jirani yake, vilikuwa vimekwisha kukunjamana. Akasema: «Katekista, alama hii ninayo tangu miaka minne. Niambie, nimetenda dhambi gani?»

Tulikosa jibu. Maneno yetu ya asubuhi yalikuwa yamemfungia njia ya hospitali, wala si kumfungulia. Kesho yake tulimsindikiza mpaka kituo cha afya, na njiani akatuuliza tena: «Dawa hiyo wanayoitoa bure, nani aliijaribu kwanza? Isije ikawa wanaijaribu juu yetu sisi maskini.» Swali hilo ni la haki. Ndilo tunalotaka kulijibu leo, maana dawa ya ukoma haikuanguka kutoka mawinguni. Ilitafutwa kwa miaka karibu mia moja, na wa kwanza kuilipia walikuwa wagonjwa wenyewe.

Mwaka 1873

Katika mwaka 1873 mambo mawili yalitokea, mbali sana moja na jingine. Tarehe 10 Mei, padri kijana wa Ubelgiji, Damien De Veuster, alifika katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, mahali ambapo serikali ya kule iliwatenga wagonjwa wa ukoma. Aliwajengea nyumba, akawachimbia makaburi, akawafunga vidonda, na mwisho akaugua ugonjwa uleule. Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, na Kanisa lilimtangaza Mtakatifu mwaka 2009. Habari zake wengi wetu tunazijua.

Jambo la pili halijulikani sana. Katika mji wa Bergen, nchi ya Norwe, mganga Gerhard Armauer Hansen aliona kwa hadubini vijiti vidogo sana ndani ya nyama ya wagonjwa. Siku zile waganga wengi waliwaza kwamba ukoma ni ugonjwa wa ukoo, mtoto anaurithi kwa mzazi kama anavyorithi sura yake. Hansen alisema: hapana, ni kidudu, nacho hutoka kwa mtu na kumwingia mwingine.

Hivi, katika mwaka ule mmoja, mtu mmoja alionyesha jinsi ya kuwapenda wagonjwa, na mwingine alionyesha adui yao ni nani. Mambo hayo mawili, upendo na elimu, yanapaswa kutembea pamoja. Yakitengana, mgonjwa anaumia. Hansen mwenyewe alitupa ushuhuda wa jambo hilo.

Mwanamke ambaye hakuulizwa

Kidudu cha ukoma kina tabia ya ajabu. Kinaongezeka polepole sana. Mtu anaweza kukaa miaka mitano, hata ishirini, kabla alama haijatokea. Tena, mpaka leo hakuna mtu aliyeweza kukipanda katika chupa za maabara kama vidudu vingine. Kwa hiyo Hansen alishindwa kuonyesha wazi kwamba vijiti vile ndivyo vinavyoleta ugonjwa.

Mwaka 1879 alifanya jambo baya. Alichukua uchafu wa kidonda cha mgonjwa mmoja, akauingiza kwa chombo chenye ncha katika jicho la mwanamke aliyekuwa na ukoma wa namna nyingine. Hakumwambia sababu, wala hakumwomba ruhusa. Mwanamke yule alinung'unika, na habari ikafika kwa mchungaji wa hospitali. Mwaka 1880 hakimu alimhukumu Hansen, akaondolewa katika kazi yake ya mganga wa hospitali ile.

Tunasema hayo si kwa kumtukana Hansen, maana kazi yake ni kubwa. Tunasema kwa sababu yule mwanamke maskini wa Bergen naye ana mahali pake katika historia hii. Alikataa kutumiwa kama kitu. Baba yule wa kapela yetu, alipouliza swali lake njiani, alikuwa anauliza swali lake yule mama.

Mafuta ya chalmugra

Wakati huo wagonjwa walitibiwa namna gani? Tangu zamani watu wa Uhindi na China walitumia mafuta ya mbegu za mti uitwao chalmugra. Mwaka 1854 mganga Mwingereza, Mouat, aliandika habari zake, na waganga wa Ulaya wakaanza kuyatumia. Lakini ukiyanywa, unatapika. Ukipigwa sindano yake, yanakaa chini ya ngozi kama nta, yanauma sana.

Mwaka 1915, huko Hawaii, msichana mmoja Mmarekani mweusi, Alice Ball, mwenye elimu ya kemia na umri wa miaka 23, alipata njia ya kuyageuza mafuta hayo yaweze kuingia mwilini kwa sindano. Alikufa mwaka uliofuata. Mkubwa wa chuo chake aliendelea na kazi hiyo bila kulitaja jina lake, na heshima aliyostahili haikuja ila baada ya miaka mingi. Wagonjwa wengine waliopata sindano zake waliruhusiwa kurudi kwao.

Lakini kwa wengi ugonjwa ulirudi. Sasa mtu atauliza: ikiwa mafuta yale hayakuponya kabisa, kwa nini waganga waliyaamini muda mrefu hivi? Ni kwa sababu ukoma una hila. Mara nyingine unatulia wenyewe mwaka mmoja au miwili, kisha unaamka. Mganga akimpa mgonjwa mafuta wakati huo, atasema: «Tazama, dawa yangu imeshinda!» Kumbe dawa haikufanya neno. Ndiyo maana haitoshi kumwangalia mgonjwa kwa macho na kufurahi. Inafaa kukwangua kidogo ngozi ya sikio lake, kuhesabu vidudu kwa hadubini, kuandika, kungoja miezi, kuhesabu tena. Huo ndio utafiti wa waganga: ni uvumilivu na ukweli, hata pale ukweli usipopendeza.

Masista wa Carville

Twende sasa Marekani, katika jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Huko Carville, katika shamba la miwa lililoachwa, nyumba ya wagonjwa wa ukoma ilifunguliwa mwaka 1894. Miaka miwili baadaye Masista wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti walikuja kuwahudumia. Wagonjwa wengi walibadili majina yao, ili aibu isifike kwa ndugu zao. Walikaa ndani ya ua, na kutoka kulikatazwa.

Mwaka 1941 mganga wa Carville, Guy Faget, alianza kujaribu dawa mpya iliyoitwa Promin, ambayo wengine walikuwa wameijaribu kwanza juu ya wanyama wenye kifua kikuu. Wagonjwa wachache walijitolea wenyewe. Walipigwa sindano katika mshipa wa damu, siku kwa siku. Katika maabara alikuwapo Sista Hilary Ross, aliyefika Carville mwaka 1923 na kukaa huko hata 1960. Kazi yake ilikuwa kupima damu ya wagonjwa na kuandika kila kilichobadilika.

Miezi ya kwanza ilipita bila dalili kubwa. Kisha vidonda vikaanza kufunga. Waliokuwa wakipumua kwa shida, koo zao zilifunguka. Vidudu vilipungua polepole. Mwaka 1943 Faget alitangaza habari hizo. Kwa mara ya kwanza ulimwenguni dawa ilikuwa imeushika ukoma na kuurudisha nyuma, na walioisimamisha njia hiyo ni wale wagonjwa waliosema: «Tujaribie sisi.»

Kidonge kimoja

Lakini sindano ya kila siku, katika vijiji vyetu vya Afrika, nani ataweza? Waganga walichunguza, wakaona kwamba nguvu ya Promin inatoka katika dawa nyingine iliyo ndani yake, nayo ni dapsoni. Dawa hiyo ilitengenezwa Udachi tangu mwaka 1908, nayo ilikaa miaka mingi bila mtu kujua faida yake. Katika Uhindi mganga Cochrane, na katika Uzuakoli, nchi ya Nigeria, mganga Lowe, waliijaribu kwa kiasi kidogo. Karibu na mwaka 1950 ilikuwa imejulikana kwamba kidonge cha kumeza, cha bei ndogo kabisa, kinatosha.

Basi dapsoni ikafika kwetu Kongo. Huko Yalisombo, upande wa Yakusu, kwenye mto karibu na Kisangani, iligawanywa na mganga Stanley Browne wa misioni ya Waprotestanti. Huko Yonda, karibu na mji uitwao leo Mbandaka, Mbelgiji Michel Lechat alikuwa mganga wa kijiji cha wagonjwa tangu 1953 hata 1960. Watu waliokuwa wakingoja kufa walianza kufunga mizigo yao kurudi nyumbani.

Furaha hiyo ilikuwa na mwisho. Mwaka 1964, katika Malezia, waganga walithibitisha kwamba vidudu vingine vimekwisha kuizoea dapsoni. Dawa moja peke yake, ikimezwa leo na kusahauliwa kesho, inavifundisha vidudu kupigana. Wahenga walijua jambo hilo kabla ya maabara: kidole kimoja hakivunji chawa.

Ikabidi kutafuta vidole vingine. Katika Dublin, nchi ya Irlandi, Vincent Barry na wenzake walikuwa wametengeneza klofazimini. Browne, aliyehamia Uzuakoli kutoka Kongo, aliijaribu juu ya wagonjwa mwaka 1962. Inatia ngozi weusi, lakini inafaa. Kisha ikaja rifampisini kutoka Italia, dawa yenye nguvu kupita zote. Mwaka 1981 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri dawa hizo zitolewe pamoja. Leo mgonjwa anazimeza miezi sita au kumi na miwili, kadiri ya ugonjwa wake, na tangu mwaka 1995 hazilipiwi popote duniani. Watu zaidi ya milioni 16 wamekwisha kupona.

Watu walioulizwa

Tena waganga walijifunza jambo lingine. Mwaka 1964 chama cha waganga wa dunia, kilichokutana Helsinki, kiliandika sheria: dawa isijaribiwe juu ya mtu bila kumweleza na kupata ruhusa yake. Yale aliyoyadai mwanamke wa Bergen yakawa amri kwa wote.

Huko Bangladesh waganga walitaka kujua kama dozi moja ya rifampisini inaweza kuwakinga watu wanaoishi karibu na mgonjwa. Watu zaidi ya 20,000 walishiriki. Wengine walipewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, na hata waganga waliowapima hawakujua nani amepata nini, ili tamaa ya kushinda isiwadanganye. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: kwa waliomeza dawa, ugonjwa ulipungua kupita nusu katika miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo, tangu mwaka 2018, Shirika la Afya linashauri jamaa na majirani wa mgonjwa wapewe dozi hiyo, wakikubali.

Nasi tufanye nini?

Ndugu wasomaji, ukoma haujakwisha. Mwaka 2023 wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waliandikwa duniani, na Kongo yetu imo katika nchi zinazoangaliwa kwa namna ya pekee. Basi tujue alama yake. Ni baka lililofifia au jekundu, lisilowasha wala kuuma, na mara nyingi ukiligusa kwa pamba huna habari. Kwa kuwa haliumi, tunalidharau. Hapo ndipo hatari ilipo. Kidudu kinaua mishipa ya fahamu. Mkono haujui tena moto wala kisu. Vidole haviozi na kuanguka vyenyewe, kama wengi wanavyosema; mwenye kuugua anashika sufuria ya moto bila kusikia, anaungua, kidonda kinaingia ndani.

Dawa inaua kidudu, lakini haifufui mshipa uliokufa. Ndiyo maana baba yule, ingawa alimeza dawa zake miezi kumi na miwili bila kukosa, na leo amepona kabisa, vidole vyake viwili vimebaki vimekunjamana. Angalikuja mwaka wa kwanza, labda vingalinyooka. Miaka mitatu aliiogopa aibu, na katika aibu hiyo sisi walimu wa dini tulikuwa na sehemu yetu.

Mwaka uliofuata tulifundisha tena habari ya wale kumi. Safari hii hatukusema neno juu ya mfano wa dhambi. Tulisema kwamba Bwana hakuwauliza walichotenda, aliwatuma wajionyeshe. Kisha tukawaambia watu saa za kituo cha afya, na siku ambayo mwuguzi wa ukoma anakuja. Baba yule alikuwa ameketi benchi la mbele. Baada ya mafundisho alisimama, akainua mkono wake wa kushoto watu wote wauone, akasema: «Mimi nilichelewa. Ninyi msichelewe.»

Wiki ile watu watatu walikwenda kupimwa.