Fahamu krosova: Kinga ya twita kwenye spika za kujitengenezea

Ukijitengenezea boksi la spika, iwe Kasingirima au mtaa mwingine wa Ujiji, cha kwanza kuungua mara nyingi ni twita. Harusi imechangamka, ghafla sauti ya juu inapotea, mnabaki na mdundo mtupu. Wengi husema twita ilikuwa feki. Lakini huenda kosa ni krosova: haipo, au imewekwa kwa kukisia.

Krosova ni nini?
Ni kigawa sauti. Besi inaenda spika kubwa, sauti ya juu inaenda twita. Waya wa koili ya twita ni mwembamba sana. Umeme wa besi ukipita humo unaunguza.

Kinga rahisi ni kapasita moja inayoungwa kwenye waya wa chanya unaoingia kwenye twita. Inazuia besi, inaachia sauti ya juu.

Ya ukubwa gani?
Soma omu nyuma ya twita. Usitegemee mita, maana twita ya omu 8 huonyesha pungufu, kama 6 au 7. Zidisha omu kwa Hz unapotaka kukata, kisha gawanya 159,000 kwa jibu hilo.

Mfano, omu 8 kwa Hz 4,000 ni 32,000. Ukigawanya unapata karibu maikrofaradi 5. Dukani chukua 4.7. Twita ya omu 4 inataka 10.

Ukiweka ya 22 kwenye twita ya omu 8, mkato unashuka hadi Hz 900 hivi. Hapo utaichoma.

Kapasita gani?
Tumia isiyo na upande wa chanya na hasi. Ukiikosa, chukua mbili za kawaida za maikrofaradi 10, volti 50 au zaidi, unga hasi kwa hasi. Zinakuwa moja ya 5.

Na spika kubwa?
Hiyo inawekewa koili ya waya wa shaba. Zidisha 159 kwa omu, gawanya kwa Hz: kwa omu 8 na Hz 4,000 ni milihenri 0.32.

Angalizo
Kapasita moja hukata taratibu, desibeli 6 kwa kila oktava, kwa hiyo besi kidogo bado inapita. Amplifaya ikianza kukwaruza, punguza sauti. Kapasita ni bei ndogo kuliko twita mpya.