Tope Halikulipandisha Ziwa

Mei 2020, kipimio cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42. Ziwa Victoria halikuwa limewahi kufika hapo tangu lianze kupimwa. Rekodi ya awali, mita 13.41, ilikuwa ya 1964. Kisumu, upande wa Kenya wa ziwa, maelezo yaliyoshika kasi ni kwamba ziwa limejaa tope: misitu ya juu imekatwa, mito imeshusha udongo, maji yamekosa pa kukaa. Hoja hiyo inavutia kwa kuwa nusu yake ni kweli. Nusu nyingine inaharibu mipango.

Hakuna anayebisha kwamba bonde la Mto Nyando, unaoingia ziwani karibu na Kisumu, linamomonyoka. Makorongo ya Katuk Odeyo, Nyakach, yanaonekana kwa macho, na watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu, waliuchunguza udongo wa bonde hilo kwa miaka. Ubishi uko kwenye hesabu. Eneo la ziwa ni takriban kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo kulipandisha mita moja kunahitaji mita za ujazo karibu bilioni 69 za tope. Tuseme, kwa ukarimu, mito yote inamwaga mita za ujazo milioni 50 kila mwaka: kazi hiyo ingechukua miaka 1,380 hivi. Ziwa lenyewe lilipanda mita 1.21 katika miezi sita iliyoishia Mei 2020. Mabishano yangepaswa kuishia hapo.

Hayaishii. Wapo wanaojibu kuwa Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo upande wa Kisumu, ina kina kifupi. Ni kweli, na tope lake ni kero kwa wenye boti. Lakini ghuba imeungana na ziwa kuu, na maji yanayosukumwa na tope husambaa ziwa zima. Kina kinapungua, usawa wa maji hausogei kwa kiasi cha kuonekana.

Kilichopandisha ziwa ni mvua. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia huanguka moja kwa moja juu yake, na mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto lisilo la kawaida, hali inayoleta mvua nyingi Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa 1961 kabla ya rekodi ya 1964. Utafiti uliochapishwa 2024 ulikadiria kuwa mabadiliko ya tabianchi yaliongeza mara 1.8 uwezekano wa ziwa kupanda kwa kasi ile, ingawa mchango wake katika kimo chenyewe ulikuwa sentimita 7 tu. 

Uwanda wa Kano, unakopita Mto Nyando kuelekea ziwani, ni kesi nyingine, na huko tope ni mshtakiwa halali. Mto Nyando hushuka kwa kasi kutoka nyanda za juu za Nandi na Tinderet. Ukifika Ahero, kwenye uwanda huo ulio karibu bapa, unaishiwa nguvu na kuutua mzigo wake wa tope. Sakafu ya mto inainuka, na mvua ambayo zamani ingepita ndani ya kingo sasa inamwagika mashambani. Mkulima wa mpunga hahitaji kuelezwa tofauti. Mafuriko ya mto huweza kuja usiku mmoja na kuacha tope juu ya miche. Ya ziwa, yaliyoukumba ufuko wa wavuvi wa Dunga, Kisumu, mwaka 2020, yalipanda kwa wastani wa milimita 7 kwa siku, yakaingia vibandani na vyooni, yakakaa.

Ndiyo maana bajeti ya mafuriko haifai kuwa fungu moja. Miti ya Nandi, matuta ya Nyando na bwawa la Koru-Soin la Mto Nyando, linalozungumzwa miaka nenda miaka rudi, huenda vikawapunguzia adha watu wa Kano. Dunga havitaikinga hata kwa sentimita moja. Huko suala ni mpaka wa ujenzi, nalo ni gumu, kwa sababu muuza samaki hawezi kuhamia mlimani. Vibanda vya kuhamishika na vyoo vilivyoinuliwa pengine vitawatosha wavuvi. Nyumba za kudumu na hoteli zilizojengwa chini ya alama ya 2020 hazina utetezi huo.