Butiama Ilivyoisoma Marekani

Aprili 1955 Julius Nyerere alirudi Mara akiwa hana kazi. Machi 7 alikuwa New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiisemea TANU. Aliporejea Pugu, alikokuwa akifundisha, akatakiwa achague: ualimu au siasa. Alichagua siasa, na siasa ya mwaka ule haikuwa na mshahara. Waliompa kibarua ni Wamarekani. Mapadre wa Maryknoll, waliokuwa wameingia Musoma mwaka 1946, walimwajiri amfundishe Kizanaki mwenzao, Padre Arthur Wille. Kwa miezi kadhaa, mtu ambaye baadaye angewakera wakubwa wa Washington alikula jasho lake kwa kumfundisha Mmarekani namna ya kuamkia wazee wa Butiama, kijijini kwake.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mwalimu amesimuliwa mno kama mtu wa Beijing, aliyeikosoa Marekani kwa sababu hakuijua au hakuipenda. Mara inasimulia vingine. Ni mikoa michache ya Tanzania iliyokaa na Wamarekani kwa karibu na kwa muda mrefu kama huu. Mwaka 1934 Wamennonite kutoka Pennsylvania, wakiongozwa na Elam Stauffer, walifungua kituo Shirati, kisha wakaenea Bukiroba, Mugango na Bumangi, kwenye nchi ya Wazanaki. Wamennonite kwa imani yao hawashiki silaha. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote wa Mara kuisema Marekani kwa vita vyake, tayari palikuwa na Wamarekani huku ambao dini yao iliwakataza kupigana vita hivyo. Upande wa Katoliki, askofu wa kwanza wa Jimbo la Musoma, tangu 1957 hadi 1979, alikuwa Mmarekani, John Rudin, na Makoko palikuwa na shule ambako wamisionari walijifunza Kiswahili kabla ya kupelekwa vijijini.

Huo ni uso mmoja wa Marekani: mtu aliyekuja, akajifunza lugha, akajenga zahanati. Uso wa pili ni wa dola. Katika safari ileile ya 1955, viza aliyopewa Nyerere ilimbana asitoke mbali na makao makuu ya Umoja wa Mataifa na aondoke mara akishahutubia. Waingereza hawakutaka azunguke akizungumza. Nchi iliyozaliwa kwa kumkataa Mwingereza ilikuwa inamsaidia Mwingereza kumnyamazisha mgeni.

Marekani yenyewe ilianza kama makoloni 13 ya Uingereza kwenye pwani ya Atlantiki. Lalamiko lao kubwa lilikuwa rahisi kueleweka na mlipa kodi yeyote wa Musoma: Bunge la London linatutoza kodi, na ndani ya Bunge hilo hatuna mwakilishi. Julai 4, 1776 wakatangaza uhuru, na mwaka 1783 Uingereza ikaukubali. Baada ya hapo ni kupanuka tu. Walinunua Louisiana kwa Wafaransa mwaka 1803, wakachukua sehemu kubwa ya Mexico mwaka 1848, wakiwasukuma wenyeji wa asili njiani kote, na mwaka 1898 wakaipiga Hispania na kujitwalia Ufilipino, Puerto Rico na Guam. Koloni la zamani likawa na makoloni yake. Wakosoaji wa kwanza wa mwendo huo walikuwa Wamarekani wenyewe: mwandishi Mark Twain alijiunga na jumuiya ya kupinga ubeberu akaishambulia vita ya Ufilipino kwa maandishi makali. Wanaodhani kuikosoa Marekani kulianzia Dar es Salaam wamechelewa zaidi ya nusu karne.

Lakini kilichoiinua Marekani mapema ni pamba kuliko bunduki, na pamba ndiyo inayotuleta Bunda, hukuhuku Mara.

Pamba ya kusini mwa Marekani ilivunwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Ilisokotwa na kufumwa Massachusetts, ikapakiwa melini, na baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said ikamiminika Unguja. Kitambaa hicho kigumu, kisichopaushwa, kilivaliwa pwani na kubebwa na misafara hadi bara, na watu wakakiita kwa jina la kilikotoka: merikani. Waliokiuza walirudi kwenye bandari yao ya Salem na pembe za ndovu na sandarusi. Tafakari mzunguko wake: Mwafrika aliyetekwa analima pamba ng'ambo, nguo yake inarudi Afrika kununua pembe, na pembe hizo zilifika pwani mabegani mwa wapagazi Waafrika. Biashara hiyo ikayumba Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, na merikani ikaadimika.

Vita hiyo iliifunza Ulaya somo. Viwanda vya Uingereza na Ujerumani vilikuwa vimeshikwa koo na pamba ya nchi moja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani, kisha Waingereza, wakaanza kusukuma kilimo cha pamba katika makoloni yao ili wajinasue na Mmarekani. Ndio mzizi wa pamba ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza na Shinyanga hadi mashamba ya Bunda. Hata mbegu iliyozoea udongo wetu, ile iliyoboreshwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ni ya jamii ya pamba iliyoutajirisha kusini mwa Marekani. Mkulima wa Bunda aliingizwa katika ugomvi wa wakubwa kabla babu yake hajamwona Mmarekani.

Mwalimu aliielewa hesabu hii vizuri kuliko wachumi wengi waliomzunguka. Hoja aliyoirudia jukwaani miaka nenda rudi ilikuwa ya trekta: mwaka hadi mwaka unatakiwa uuze pamba au katani nyingi zaidi ili ununue trekta lilelile. Bei ya mazao yako anapanga mwingine. Bei ya trekta anapanga mwingine pia.

Mwanzoni, hata hivyo, alikuwa na matumaini. Alikutana na Rais Kennedy Washington mwaka 1961 na tena Julai 1963, na wawili hao walielewana. Kilichoharibu mambo ni mwaka 1964. Mapinduzi ya Zanzibar yaliitia Washington hofu ya ukomunisti. Novemba 24 ndege za Marekani zikawashusha wanajeshi wa Ubelgiji Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa hoja ya kuokoa mateka weupe, na Nyerere akalifananisha tukio hilo na shambulio la Pearl Harbor. Januari 1965 Tanzania ikawafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja wao Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar, baada ya mazungumzo yao ya simu kunaswa na kutafsiriwa kuwa njama. Marekani ikajibu kwa kumfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania. Wengi leo wanaona mazungumzo yale yalieleweka vibaya, nami naelekea kukubaliana nao. Carlucci alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Kusini mwa Afrika ndiko ugomvi ulikoiva. Nyerere hakuweza kumeza kwamba taifa lililojivunia tamko la 1776 liliwapa Wareno, washirika wake wa NATO, hifadhi ya kidiplomasia huku wakiitawala Msumbiji kwa mabavu. Alipokataliwa na Magharibi kuhusu reli ya Zambia, akajengewa na Wachina. Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alimfuata Dar es Salaam mwaka 1976, na Agosti 1977 Rais Carter akamkaribisha Marekani kwa heshima zote. Mwaka huohuo aliandika makala katika jarida la Foreign Affairs, akiwaeleza Wamarekani katika jarida lao wenyewe wajibu wao kusini mwa Afrika. Alipoingia Reagan, uhuru wa Namibia ukafungwa pamoja na kuondoka kwa askari wa Cuba Angola, na Mwalimu akarudi kwenye ukali wake.

Pigo zito zaidi lilikuja bila askari hata mmoja. Mwaka 1979, nchi ikiwa imefilisika kwa vita ya Kagera na bei ya mafuta, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka thamani ya shilingi ishushwe na matumizi yakatwe. Mwalimu akagoma, na waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Katika salamu za mwaka mpya wa 1980 aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imegeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Makao makuu ya IMF yako Washington. Kura hupimwa kwa mtaji, maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16, yaani inatosha kuzuia. Ukiliweka swali la Mwalimu kando ya lalamiko la makoloni 13, ni lalamiko moja: unaamuliwa ng'ambo, na huko huna sauti inayohesabika. Ndiyo maana ukosoaji wake uliwauma Wamarekani wengi kuliko ule wa Moscow. Aliwashitaki kwa sheria yao.

Naye alikuwa na wakosoaji wenye hoja. Sheria ya 1962 ilimruhusu kumweka mtu kizuizini bila kesi. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, Mara ikiwemo, na hakuna aliyewauliza kwa kura. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma na kuazimia elimu ya msingi kwa wote, uamuzi mkubwa na mzuri, wakati nchi inaagiza nafaka kutoka nje. Waliosoma enzi hizo wanaikumbuka bulga ya msaada, na unga wa mahindi ya njano ya Marekani ambao mitaani uliitwa Yanga. Ni vigumu kumkemea mtu huku unakula chakula chake, ingawa Mwalimu aliweza. Aling'atuka mwaka 1985, na Agosti 1986 serikali ya Mwinyi ikafikia mwafaka na IMF. Yeye akarudi kwake Mwitongo, Butiama, kulima, na kuanzia 1987 hadi 1990 akaiongoza Tume ya Nchi za Kusini iliyotaka nchi maskini zizungumze na matajiri kwa pamoja.

Marekani haikuondoka Tanzania. Rais George W. Bush alikuja Februari 2008, ukasainiwa mkataba wa dola milioni 698 za barabara, maji na umeme. Awamu ya pili ya msaada huo ikasitishwa Machi 2016 kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Julai 2025 USAID ikafungwa kwa uamuzi wa Washington.

Na pamba? Kila msimu mkulima wa Bunda anasubiri bei dira itangazwe, anapeleka mzigo kwenye AMCOS, chama chake cha ushirika, na bei hiyo inafuata soko la dunia ambalo kwa miaka mingi lilishushwa na ruzuku ambazo Marekani iliwapa wakulima wake. Brazil ilifungua kesi katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002 ikashinda. Mwaka 2014 Marekani ikaafikiana nayo kwa kuilipa dola milioni 300, zikaenda kwa wakulima wa pamba wa Brazil. Tanzania haikuwa mlalamikaji katika kesi hiyo.