Mjomba Aketi Nje: Nani Mgonjwa Katika Kliniki ya Akili ya Mtoto Kwale?

Mtoto wa Kwale akianza kuanguka, kukesha au kususa chakula, hafikishwi hospitalini na mtu mmoja. Kwanza kunafanyika kikao. Bibi atasema ni pepo wa nyuni, jirani atasema kachezewa, na mama, hata akiwa na shauri lake, huenda akamsubiri mjomba. Urithi wa jadi wa Wadigo, wenyeji wa Kwale, ulipitia upande wa mama. Sheria ya Kiislamu imeubana utaratibu huo, lakini neno la mjomba halijaisha uzito, na fomu ya hospitali haina pa kuliandika.

Uhaba wa wataalamu haubishaniwi. Lakini huduma za akili kwa watoto wa pwani ya kusini ya Kenya zinakwama kwa sababu nyingine pia: zimeandaliwa kumpokea mgonjwa mmoja, ilhali machoni pa wenyewe iliyougua ni nyumba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 44.3 ya wenye miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Waliotimiza vigezo vya ugonjwa ni asilimia 12.2. Kati ya tarakimu hizo mbili limekaa kundi kubwa: karibu thuluthi moja ya vijana, wenye dhiki isiyo na jina la kidaktari. Hao hawahitaji kitanda wala sindano. Wanahitaji mtu wa kuketi nao na watu wao.

Mganga hufanya hivyo. Katika ngoma ya kayamba ya kupunga pepo, mwele, yaani mgonjwa, huketishwa mkekani, akafukizwa ubani, na vyombo vile bapa vya matete vikatikiswa usiku kucha huku ndugu na majirani wamemzunguka. Pepo huulizwa jina lake na anachotaka. Akijibu, mara nyingi madai yake huwa ni ya nyumbani: nguo, heshima, ahadi iliyovunjwa. Lile ambalo binti hawezi kumwambia baba yake, pepo analisema mbele ya watu, na baba analazimika kulijibu. Sidai kwamba pepo yupo au hayupo. Ninachokiona ni kwamba kikao kimefanyika.

Hata hivyo sina haja ya kuupamba uganga. Kifafa hakisikii kayamba. Kule Kilifi, ambako utafiti wa maradhi haya umefanyika kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya wenye kifafa cha kuanguka walionekana hawapati dawa ipasavyo. Mtoto anayezungushwa kwa waganga miaka miwili anaweza kuungua jikoni au kuzama kisimani kabla hajaonja kidonge cha kwanza. Naye aliyeanza dawa ataiacha ikiwa nyumba haikuridhia, maana nauli ya kutoka bara ya Kinango hadi hospitali ya Msambweni kila mwezi hutoka mfuko wa mtu ambaye daktari hakuwahi kumuona.

Kwa hiyo tuite familia nzima? Hapo ndipo pagumu, maana wakati mwingine nyumba yenyewe ndiyo inayomdhuru mtoto. Ripoti ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006 kuhusu ukahaba wa watoto pwani, Diani ikiwemo, ilikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 katika maeneo manne. Tumezoea kumtaja mtalii, lakini ripoti hiyo ilikuta Wakenya kuwa kundi kubwa kuliko la taifa jingine lolote miongoni mwa wateja. Mtoto anapouzwa kwa kujua kwa mkubwa wake, au anapoharibiwa na mtu wa nyumbani, kikao cha ukoo ndicho kitakachomziba mdomo. Pepo naye ataombwa anyamaze.

Kinachofaa basi ni mpangilio wa zamu. Mhudumu wa afya ya jamii, anayejua mlango wa kila nyumba kijijini, aulize mapema nani huamua na nani hulipa, atumie maneno ya watu wenyewe, “mawazo” au “moyo mzito”, badala ya “sonona”, ambayo bibi wa Lunga Lunga hajapata kuisikia. Mganga aombwe jambo moja tu: mtoto anayeanguka ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kliniki iwe na chumba chenye mlango unaofungika. Mtoto aingie kwanza, peke yake na muuguzi. Mjomba aliyeketi chini ya mwembe ataitwa baadaye, mtoto akishasema kama anataka aitwe.