Picha ya MRI ya mirija ya nyongo

Kipimo hiki, kinachojulikana kama MRCP, huonyesha mirija ya nyongo na ya kongosho bila upasuaji, bila mpira kupitishwa mdomoni na bila mionzi. Wataalamu wa Ujerumani walikieleza mwaka 1991. Sumaku na mawimbi ya redio hung'arisha majimaji yaliyotulia, hivyo nyongo huonekana nyeupe na jiwe hujitokeza kama doa jeusi. Mgonjwa hukaa saa kadhaa bila kula. Baadhi ya vituo humpa maji ya nanasi, kwani manganizi iliyomo hufifisha majimaji ya tumboni yasiifiche mirija. Ndani ya mashine hubana pumzi anapoambiwa.

Mkazi wa Machakos mwenye macho ya manjano na mkojo mweusi kwa kawaida huanza na ultrasaundi. Hiyo ni nafuu, ila mara nyingi haioni jiwe lililokwama mwishoni mwa mrija mkuu. Hapo MRCP ina thamani kubwa: humwepusha na ERCP isiyo ya lazima, yaani kipimo cha mpira unaopitishwa mdomoni, ambacho huweza kuvimbisha kongosho. Jiwe likionekana, ERCP huhitajika kulitoa. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini amweleze mhudumu kabla ya kuingia chumbani.